Kidole cha Baba Yako

Kaka Elia,

Sijui barua kwa marehemu huanzia wapi, basi naanza na kosa langu. Nimeuharibu ule ukurasa wa kompyuta uliomtengenezea Baba yako.

Tangu tulipomaliza msiba wako, namwangalia kila asubuhi kabla ya kufungua duka letu la kuchapa hapa Shelui. Kompyuta yako ya mtumba ipo palepale kando ya kitanda. Unakumbuka alivyopooza, ulimi ukafungwa, watoto wakimwamkia anageukia ukutani kwa aibu? Neno la kwanza uliloandika likawa Marahaba. Akibonyeza M, linatokea kubwa kwenye kioo cha kompyuta. Mimi nikacheka, nikasema anza na maji. Ukaniambia, "Neema, maji mzee ataashiria. Salamu ataiitikiaje?"

Baada ya msiba nikaubadilisha; nilitaka herufi ijibu haraka, mara inapoguswa, isisubiri kidole kinyanyuke kama ulivyoipanga. Sikujua kwa nini ulisubiri. Mkono wake mzito, Kaka! Ukitua umetua, na kompyuta inadhani anabonyeza tena na tena. Mtoto akatoa shikamoo moja, marahaba zikajaa mpaka chini. Watoto wakaangua kicheko. Hajamwitikia mtu tangu siku hiyo.

Nimehangaika. Nilihifadhi juu ya kazi yako, ya zamani haipo, na kila agizo ninalobadilisha linaufanya ukurasa kuwa bubu kabisa. Daftari lako ulimonakili maagizo hayo liligawiwa pamoja na nguo zako, akalichukua shangazi yako wa Mgori. Nikamfuata. Kurasa amefungia karanga, limebaki jalada. Nilishindwa hata kumlaumu, angejuaje? Mimi mwanafunzi wako ni bure, Kaka.

Leo nimemwamkia. Hakugusa M. Kidole kikatambaa hadi E, ile uliyompa ya kukuita. Elia, Elia, Elia, jina likajaza kioo. Nikasema, "Baba, nyanyua basi." Akanitazama tu, akazidi kukandamiza. Ulivyoipanga wewe, jina lingetokea mara moja tu, na ni baada ya kuachia. Kwangu linaendelea maadamu ameshika. Nikakaa sakafuni, nikalia naye.

Pumzika, Kaka. Nitajifunza mpaka M irudi ulivyoiacha, aitikie salamu za watu kama mzee mwenye heshima zake. Nakuahidi hilo.

Lakini E siigusi.

Neema wako