Nyuzi Zisizofumuka

Jumatatu, 3 Aprili
Kipindi changu cha majaribio kinaisha tarehe 14. Daktari Želmíra ndiye atakayeamua kama nabaki maabara. Kazi yangu ni kuosha visahani vya kuoteshea hamira na kuipikia chakula chake — naipenda! Leo nilimwuliza anatafuta nini kwenye hamira. Akasema ndani ya kila seli mna nyuzi. Zinajengwa, kisha protini fulani inazikata, vipande vijengwe upya. Nikasema ni kama mama anavyofumua sweta langu amfumie binti yangu Dorotka. Akacheka. Kumbe hamira yake hii ina mkasi mbovu: protini hiyo haikati sawasawa.

Alhamisi, 6 Aprili
Kesho sikukuu. Daktari ameondoka mapema, kaniachia visahani nivitie kabatini. Nimevitia kabati la joto, digrii 37. Hamira ipate raha yake, kama donge la mkate wa Pasaka kando ya jiko.

Jumapili, 9 Aprili
Mkate umeumuka vizuri. Dorotka aliudokoa kikapuni, kanisani, kabla padri hajaubariki — miaka mitatu, huyo! Mume wangu Ondrej akanitania, eti profesa wa hamira. Nikacheka, kisha nikakumbuka. Kabati la pili kule maabara lina karatasi: *Mkasi mbovu, digrii 25 tu.* Jengo limefungwa hadi Jumanne.

Jumanne, 11 Aprili
Nimefika kabla yake. Visahani vitupu, hakuna kilichoota. Miezi miwili ya kazi yake. Ningeweza kusema viliingia uchafu. Nani angejua?

Alipoingia nikamwambia, "Daktari, ni mimi. Niliviweka kwenye joto, kama donge la mkate."

Akaeleza polepole: kwenye joto mkasi ule hukataa kabisa kukata, nyuzi zinarundikana, seli inakwama. Hakunifokea. Afadhali angefoka.

Akawa anavipeleka dirishani kimoja kimoja, avitazame kwenye mwanga kabla ya kuvitupa. Cha mwisho hakukitupa. Kulikuwa na kitone cheupe, kama punje ya chumvi. Kimoja tu. Kimeota kwenye joto!

"Wewe nyuzi zako kakukatia nani?" akakiuliza kitone.

Nikamwuliza kama inawezekana kuna protini nyingine inayoushikilia ule mkasi, ukate hata kwenye joto. Akasema huenda, au huenda ni bahati tu, lazima ijaribiwe tena.

Sasa ameinama kwenye hadubini. Ameniagiza nipike chakula cha visahani ishirini, viwe tayari Jumatatu ijayo.

Kipindi changu cha majaribio kinaisha Ijumaa hii. Sijamkumbusha. Nimewasha jiko.