Kidoti Asife Kibudu

Jumanne

Mikono bado inanuka damu. Mchana mbwa aliingia bandani, akararua kuku watatu wakafa palepale. Nilimpiga kwa mchi mpaka akakimbia akilia. Kidoti, kuku wangu mtagaji, yeye alibaki anatweta, matumbo nje.

"Toka umwite mwanamume amchinje," bibi akasema, "asije akafa kibudu tukamtupa."

Wanaume walijaa barazani kwa jirani. Nilisimama mlangoni na kisu. Nikarudi, nikamkanyaga mbawa, nikasema Bismillahi, nikakata mwenyewe. Kisu kilikuwa butu. Alinitazama mpaka mwisho.

"Mke mwenza," bibi akacheka, "kuita waona haya, kuchinja huoni?"

Yeye kala mapaja yote mawili. Mimi nimekula wali mtupu. Laiti ningeita, angekufa upesi.