Sauti Tatu Kwenye Ukungu

Morogoro Mjini,
11 Agosti 2024

Bibi yangu,

Shikamoo. Kabla sijakuuliza habari za miguu yako na za migomba, kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, si Baba, si hata Mjomba Hafidhi anayekuletea barua hii. Nilisimulia hadithi mchana.

Unakumbuka tulipokuwa tunakuja kwako likizo ulitukataza. Ulisema hadithi ni za usiku, na anayesimulia mchana mama yake atapotea. Nilikuwa mdogo lakini nilisikia vizuri.

Huko kwenu hakuna mtandao, kwa hiyo acha nieleze ilivyokuwa. Maktaba yetu ina vipindi vya kwenye simu. Kuna darasa la akina mama wa sokoni wanaofundishwa kutangaza biashara zao, kuna hesabu za kidato cha nne, na Jumamosi saa kumi alasiri kuna hadithi za watoto. Aliyeanzisha ni mkutubi wetu, Madam Angelina. Anasema mtoto wa Ngerengere hawezi kupanda gari kila wiki kuja kusikiliza hadithi, basi hadithi imfuate kwenye simu ya mzazi wake. Mimi alinichagua niwe msomaji kwa sababu nashinda pale. Nilikubali kwa sharti kwamba kamera izimwe. Nakaa chumba cha nyuma kwenye magazeti ya zamani, simu naiegemeza kwenye vitabu, na watoto wanaona picha ya mlango wa maktaba tu. Wananiita Dada wa Maktaba. Nikiwa nimefichwa hivyo, naweza kuzungumza.

Vitabu vya watoto vikaisha. Wakati huo Mama alikuwa ameshalazwa. Nikamwambia, akasema, "Usihangaike, nitakupa moja." Nikajua ni moja ya zako. Akawa ananisimulia kidogo kidogo saa ya kuona wagonjwa, mimi nimeshika bakuli la uji. Nikamwuliza, "Mama, mchana?" Akasema, "Kwani usiku watakufungulia geti?" Mgonjwa wa kitanda cha pili alicheka mpaka akakohoa.

Alichonisimulia wiki nzima, Jumamosi mimi niliwasimulia watoto. Ile Jumamosi ya mwisho ya Juni niliwaacha pale Mama aliponiacha jana yake. Nikawaambia mwisho ni wiki ijayo. Nilipotoka, Baba alikuwa amesimama kwenye ngazi za maktaba, na hajawahi kuja maktaba. Mama alikuwa ameondoka wakati mimi naongea.

Siku ya mazishi ulinishika mkono ukaniambia, lia mjukuu wangu, utapata nafuu. Nilitaka kukutii. Mpaka leo sijalia. Naenda shule, nafua, napika, nasoma. Ni kama nimevaa nguo nzito inayonizuia kusikia vitu.

Nakuuliza mambo mawili. Je, ni mimi? Na ile hadithi yako inaishaje? Watoto wanamuuliza Madam Angelina, naye ananiuliza mimi.

Sisi huku hatujambo. Baba anakusalimu.

Mjukuu wako,
Raya


Kinole,
25 Agosti 2024

Kwa Raya, mjukuu wangu na mke mwenzangu,

Marahaba. Mimi ni mzima ila miguu ndiyo ile ile, kushuka nashuka, kupanda ndiyo kesi. Mvua bado. Ndizi nyingine nyani wamekula. Nakutumia mkungu mmoja na mdalasini kidogo, mdalasini umtilie baba yako kwenye chai, amekonda mno yule.

Usicheke herufi zangu. Nilifundishwa kuandika nikiwa na mama yako mgongoni, alikuwa ananyang'anya kalamu.

Barua yako niliisoma peke yangu. Kisha nikamwita Hafidhi anisomee tena, nihakikishe nimesoma sawasawa. Kwa hiyo sasa Hafidhi naye anajua. Nisamehe, lakini ni mjomba wako, angejua tu.

Maswali yako sitayajibu leo. Unasema hadithi yangu, lakini hukusema ni ipi. Mama yako nilimsimulia nyingi, na ndugu zake pia, nyingine nimezisahau. Niandikie yote kama alivyokupa, tangu mwanzo mpaka pale alipokuacha. Usiruke kitu. Na wewe usijihukumu kabla mimi sijakaa kitako.

Kulia usijilazimishe. Nilikosea kukuamrisha mbele za watu.

Ni mimi bibi yako,
Chausiku


Morogoro Mjini,
1 Septemba 2024

Bibi yangu,

Shikamoo. Natumaini miguu imepata nafuu. Ndizi zilifika, na Baba alikunywa chai ya mdalasini. Alisema ahsante, basi.

Baba siku hizi hagombi, Bibi. Unamjua alivyokuwa, ukiacha ndoo njiani nyumba nzima inasikia. Juzi niliunguza maharage mpaka jirani akaja kuuliza kulikoni. Baba alikula yote akasema ni matamu. Nikichelewa hasemi. Anaongea kama mgeni aliyekuja kuomba maji.

Maktaba naenda, lakini Jumamosi saa kumi naondoka mapema. Madam Angelina amewawekea watoto hadithi iliyorekodiwa. Kuna mtoto mmoja wa Ngerengere, Alois, anayeishi na babu yake, amenitumia ujumbe wa sauti mara tatu kupitia kwa Madam. Nyuma yake kuku wanalia. Anasema, "Dada wa Maktaba, yule msichana bado amesimama?" Sijamjibu.

Hadithi ni hii. Nimeiandika baada ya magharibi ili nisiongeze kosa.

Zamani, kwenye mlima, kulikuwa na mama na binti yake. Siku moja mvua ikazima moto wa jikoni. Mama akampa binti kigae cha chungu akamwambia, panda nyumba za juu ukaombe kaa la moto. Binti akapanda. Nyumba ya kwanza wakamwambia wamepika jana, moto hakuna. Nyumba ya pili wakamwambia asubiri, akasubiri mpaka miguu ikafa ganzi, kumbe walimsahau. Nyumba ya mwisho kabisa, karibu na msitu, kulikuwa na bibi kizee kipofu aliyempa makaa matatu, akamwambia, "Usikimbie yatazimika. Usisimame yatazimika."

Akaanza kushuka. Njiani ukungu ukashuka naye, ule wa kwenu, wa kutoona hata vidole. Akapoteza njia. Kaa moja likazimika. Ndipo akasikia mama yake anamwita. Sauti ya kwanza ilitoka kulia, inaimba jina lake taratibu kama anabembeleza mtoto. Sauti ya pili ilitoka kushoto, inalia. Sauti ya tatu ilitoka chini kabisa, inagomba: "We mtoto! Moto gani huo wa kufuatwa siku nzima?" Zote zilikuwa sauti ya mama yake. Kaa la pili likazimika. Binti akasimama.

Hapo Mama akaniambia, "Kesho nitakwambia ipi ilikuwa yake." Muuguzi alikuwa anatufukuza, saa zimekwisha.

Basi, Bibi. Wewe unajua ni ipi. Niandikie. Na swali langu la kwanza pia nalisubiri.

Mjukuu wako,
Raya


Kinole,
6 Oktoba 2024

Kwa Raya, mke mwenzangu,

Marahaba, mama. Najua umesubiri. Hafidhi ameshuka mjini mara mbili bila barua na nimeambiwa ulikuja kumngoja stendi ya Msamvu. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa natafuta.

Hadithi yako niliisoma sikuijua. Nikasema labda uzee. Nikamwuliza Hafidhi, maana yeye na mama yako walilala mkeka mmoja wakinisikiliza. Akasema, "Mama, hiyo hukutusimulia hata siku moja." Bado sikuridhika. Nikavuka mto kwenda kwa dada yangu mkubwa, yule mwenye jicho moja, anayejua za babu na za babu wa babu. Nimekaa kwake siku kadhaa kwa sababu ya miguu. Nikamsomea. Akasema, "Nyumba tatu naijua, bibi kipofu namjua. Hizo sauti tatu sizijui. Nani kakupa?" Nikamwambia Mwajuma, mama yako. Akasema, "Basi ni ya Mwajuma."

Raya, hadithi hiyo mama yako aliitunga mwenyewe. Ulimwambia vitabu vimekwisha, akakaa pale kitandani akakutengenezea. Sina mwisho wa kukupa. Hakuna mwenye nao. Ningeweza kukubunia mmoja hapa hapa, kalamu ninayo, lakini ungekuwa wangu, na wewe ungejua.

Sasa swali lako la kwanza. Mwiko wa mchana ni wa hadithi tulizoachiwa na wazee. Hii wazee hawakuiacha. Mwiko hauijui, utaikamataje? Halafu fikiri vizuri, si unasoma wewe. Aliyeanza kuisimulia mchana ni Mwajuma, wodini. Kwa kanuni hiyo, wa kupotea ningekuwa mimi, mama yake. Na mimi nipo, nakula, naumwa miguu, nagombana na nyani. Mama yako aliuawa na figo. Daktari alituambia mimi na baba yako kabla hujaanza hata kuchukua bakuli la uji. Tulikuficha kwa kuwa una mitihani. Hilo ni kosa letu, si lako.

Nilikasirika kidogo, nikuambie ukweli. Maisha yote nilidhani Mwajuma hajui kusimulia. Kila nikimwambia asimulie alikuwa anasema, "Mama, simulia wewe." Kumbe.

Hao watoto usiwaache wamesimama. Nenda.

Ni mimi bibi yako,
Chausiku


Morogoro Mjini,
13 Oktoba 2024

Bibi yangu,

Shikamoo, na ahsante kwa kuvuka mto na miguu hiyo. Sisi ni wazima. Mpe salamu bibi mkubwa.

Barua yako niliisoma mara nyingi. Nilitegemea nitasikia kitu, kama mtu anayetua mzigo. Sikusikia. Niliikunja nikafanya kazi ya Baiolojia. Lakini nimeacha kujiuliza lile swali, nimegundua jana.

Jana Jumamosi nilimwambia Madam Angelina nitasoma mimi. Aliniwekea simu kwenye vitabu na kiti, akafunga mlango. Nikasalimia. Wa kwanza kunijibu walikuwa kuku.

"Dada wa Maktaba! Ulienda wapi?" Alikuwa Alois.

"Nilifiwa."

"Na nani?"

"Na mama yangu."

Niliona majina yao tu kwenye kioo. Kisha Alois akasema, "Pole. Sasa yule msichana?"

"We Alois! Huna adabu," akasema Pendo, binti wa Mvomero, mkubwa kidogo.

"Si nimesema pole?"

Nikawaambia ukweli. Nikasema hadithi hii ilikuwa ya mama yangu, aliitunga mwenyewe, na hakuimaliza, kwa hiyo mwisho haupo na mimi siujui. Nilidhani watavunjika moyo. Pendo akasema, "Basi ni ile inayoimba. Mama anabembeleza."

"Ya kuimba ni ya zimwi," Alois akasema. "Mama gani anaimba na moto jikoni hakuna?"

"Basi inayolia."

"Inayolia imeshakata tamaa. Ni ile inayogomba. Mtu akikutafuta sana anagomba. Mimi nilipotea mtoni, babu aliponiona alinigombeza mpaka nyumbani, halafu akaninunulia maandazi."

Mwingine akasema hata shangazi yake yuko hivyo. Wakaanza kusema wote pamoja, nani kagombezwa na nani na kwa nini, nami sikuwazuia. Mwishoni Alois akauliza, "Kwa hiyo aliifuata?"

Nikasema, "Ndiyo. Aliifuata."

"Na kaa la tatu?"

"Lilikuwa bado linawaka."

Sijui, Bibi, kama Mama angesema hivyo. Nimewaambia Jumamosi ijayo tutaianza upya, na kila mtu amwulize mzee wa kwao kama alishawahi kupotea kwenye ukungu.

Nikarudi nyumbani. Kiberiti kilikuwa kimeisha, na duka la karibu limefungwa. Nikachukua kifuniko cha bati nikaenda kwa Mama Hosiana, jirani wa tatu, kuomba moto. Makaa yake yalikuwa hayajakolea, akaniambia ningoje. Nikangoja. Akanipa matatu, sikumwomba idadi. Giza lilikuwa limeanza kuingia. Nilitembea polepole, nimekinga kwa mkono.

Nilipofika kwenye kona nikamsikia Baba amesimama getini: "Raya! We mtoto! Giza lote hili umekwenda wapi huagi?" Majirani walifungua madirisha.

Nikasema, "Abee, Baba. Nakuja."

Nikaingia ndani nikayatia makaa kwenye jiko, nikapepea, nikabandika maji. Baba alikaa kwenye kigoda pale pale jikoni, bado anagomba. Nilimweleza kuhusu kiberiti. Akasema hata kama. Tulipokula akasema ugali una madonge. Ni kweli, ulikuwa nayo.

Niliosha vyombo, nikakaa kukuandikia.

Mjukuu wako na mke mwenzako,
Raya