Maiki Ilikuwa Wazi

Jumatatu, 3 Machi

Filamu mpya imefika. Mashujaa tisa! Bosi anasema tutaitia sauti za Kiswahili sisi wawili kama kawaida — wanaume wote Baba Watoto, wanawake wote mimi, nikiongezewa watoto, mzimu mmoja na ng'ombe. Iwe tayari Jumanne ijayo. Bosi anafikiri koo ni bomba la maji.

Hadithi yenyewe: adui ameiba jana. Ndiyo, jana. Siku nzima, na watu wake ndani. Basi mashujaa wanaingia kwenye lifti inayoshuka mpaka miaka ya nyuma, wakaichukue. Nikamuuliza bosi, kama lifti inafika popote, si washuke tu mpaka siku adui alipozaliwa, wamlee vizuri, yaishe? Akasema mama, usiifikirie, isome. Lifti ya jengo letu haijawahi kufika ghorofa ya nne. Tulipanda ngazi.

Lakini Radi yumo, yule shujaa wa kike! Radi ni wangu. Filamu zote za nyuma nimekuwa Radi mimi. Watoto wa jirani bado wananiomba nipige ukelele wake dirishani. Safari hii anashuka na lifti, mvi kichwani, anakutana na yeye mwenyewe akiwa kijana. Yaani nitaongea na mimi! Nitajiuliza, nitajijibu. Baba Watoto kasema nyumbani hakutakalika. Tumecheka njia nzima.

Jumanne, 4 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Kibanda changu cha kurekodia na chake vinatazamana, kioo katikati. Asubuhi nilikuwa nimevaa hedifoni, nasubiri zamu yangu. Bosi akasimama mlangoni kwa Baba Watoto. Taa nyekundu juu yao ilikuwa inawaka — maana yake maiki iko wazi, na mwenye hedifoni anasikia hadi pumzi. Miaka yote mume wangu anawafokea wageni: tazama taa kabla hujafungua mdomo! Leo hakuitazama.

Bosi aliuliza Radi kijana tumpe nani. Naye, kwa sauti ileile aliyoniposea: "Mpe yule binti wa supamaketi. Sauti ya mke wangu imechoka. Yeye afanye yule mzee."

Imechoka!

Kilichofuata kwenye picha kilikuwa ng'ombe. Nikatoa mlio wa ng'ombe. Fundi sauti akasema hajawahi kurekodi ng'ombe mwenye uchungu kiasi kile, kisha akainamia vitufe vyake. Kwa hiyo naye alisikia.

Jumatano, 5 Machi

Nimenyamaza. Nyumbani, maana kazini sina budi kusema. Baba Watoto kauliza kuna nini. Hakuna. Kauliza tena. Hakuna — kwa sauti ya yule mzee aliyenichagulia. Akachukua mto wake akaenda sebuleni, bila kufukuzwa. Mtu mzima huona dalili ya mvua.

Binti amekuja. Kazi yake ni kutangaza sabuni na mafuta kwenye spika za dukani. Heshima tele: "Shikamoo mama, mimi nimekua nikikusikiliza wewe." Marahaba, nikasema, nikameza. Nilitaka awe hana kipaji, Mungu anisamehe. Anacho. Tatizo lake moja tu, kila kitu kinatoka kama ofa. "Dunia inaangamia!" anasema, nawe unataka kuuliza mpaka lini.

Ijumaa, 7 Machi

Mashujaa wamegombana ndani ya lifti. Sita kati yao ni Baba Watoto. Akajitukana, akajijibu, akajipiga ngumi, akajiomba radhi. Wepesi gani huo! Mimi je? Najua, najua, hajui kosa lake. Si aulize? Ameuliza. Si aulize tena!

Kila asubuhi ananiwekea chupa ya maji ya moto na asali mlangoni pa kibanda. Ni desturi yake tangu tuanze kazi hii. Siku hizi namgawia binti. Sasa koo la binti linang'aa kama sufuria mpya, na mimi nakohoa. Mkomoaji hujikomoa.

Jioni tukafika pale Radi kijana anapomuuliza Radi mzee, nitakuwa nani mimi? Nilitakiwa niseme: utakuwa na nguvu kuliko ulivyowahi kuota. Nikakwama. Tukarudia, nikakwama tena. Fundi akatusikilizisha tulichorekodi, binti na mimi, mmoja baada ya mwingine. Sauti yangu ina mchanga. Sikuwa najua. Inaniuma, na si kwa sababu ya binti. Inaniuma kwamba huenda Baba Watoto amesema kweli, na kwamba aliyelala ubavuni mwangu miaka yote aliusikia mchanga huo akamwambia bosi.

Jumamosi, 8 Machi

Tumefua. Yeye kakohoa kama mtu anayetaka kuanza mazungumzo. Mimi nikafunga mlango.

Jumatatu, 10 Machi

Fundi kamwambia. Sikusikia neno, niliona kwenye kioo, na kusoma midomo ndiyo kazi yangu. "Mzee, siku ile taa ilikuwa inawaka." Baba Watoto akaitazama taa. Akanitazama mimi. Akakaa chini, na shujaa aliyekuwa anaruka kwenye picha akaruka bila sauti.

Akanikimbilia kwenye ngazi. Eti alikuwa ananilinda: Radi kijana anapiga ukelele filamu nzima, koo langu lisingebaki, daktari mwenyewe alishanikataza. Nikamwambia ungenieleza mimi! Akasema, ungekubali? Nisingekubali hata kidogo. Lakini ningekataa mimi, kwa mdomo wangu! Akasema angeweza kuirudisha siku ile nyuma, angeirudisha.

"Panda lifti," nikamwambia.

Jumanne, 11 Machi

Naandikia kibandani, nyuma ya skripti. Leo ni leo. Imebaki sehemu moja tu, na nayo imekwama.

Jana imeokolewa. Adui amekufa — kwa mara ya tatu, maana wamemuua pia wiki iliyopita na mwakani. Sasa Kamanda wa mashujaa, ambaye ni Baba Watoto, amesimama mbele ya Radi mzee. Anasema: nilikuacha nyuma, nisamehe. Radi anajibu: nimekusamehe, twende nyumbani.

Sisemi.

Bosi kaingia mbiombio. Mama, ni midomo tu! Mwenye filamu anakuja jioni! Nikamwambia midomo ni ya Radi, sauti ni yangu. Mimi niandikiwe msamaha na mtu nisiyemjua, aliyemwandika pia ng'ombe!

Mara ya kwanza nikasema: "Nitafikiria." Fundi akapiga meza — jamani, imeingia kwenye mdomo sawasawa! Bosi akasema dunia haiwezi kuokolewa ikaisha na nitafikiria. Mara ya pili nikakohoa, kikohozi cha kweli.

Mara ya tatu Baba Watoto hakuanza. Kwanza aliinua macho kwenye taa. Akahakikisha inawaka. Bosi yupo na hedifoni, fundi yupo, binti yupo mlangoni. Kisha akasema, si kwa sauti ya Kamanda: "Nilisema sauti yako imechoka. Nilimwambia mtu mwingine kwa sababu wewe nilikuogopa. Na ni sauti ninayoijua kuliko yangu. Nisamehe, mke wangu." Bosi anapiga kelele, hiyo haimo! Haimo! Binti analia, na hata kilio chake kinatangaza kitu.

Fundi anarudisha picha nyuma. Kamanda anatembea kinyumenyume, machozi yanampanda machoni, maneno yanarudi mdomoni, mdomo unafunga. Kasema anatupa mara moja ya mwisho. Bosi kakaa sakafuni.

Chupa ya asali ilikuwa mlangoni. Leo sikumpa binti. Nimekunywa, bado ya moto. Kwa ajili ya koo tu.

Taa imewaka. Anaitazama taa, sasa ananitazama mimi. Kamanda ameshasema yake. Radi mzee anavuta pumzi, midomo inaachana, na mimi nimesogea kwenye maiki —