Vijiko vya Mlonge

Jumatatu, 3 Machi

Bibi ameanza kunywa mlonge kwa ajili ya kisukari chake. Majani ameyakausha mwenyewe, akayatwanga yakawa unga. Kijiko kimoja cha chai kwenye maji ya uvuguvugu, asubuhi. Akakunja uso kama aliyeumwa na nyuki. "Na wewe onja, msomi." Nimeonja. Mungu wangu!

Vidonge vya kliniki anaendelea navyo. Kazi yangu: kumpima sukari kabla ya chai na kuandika humu daftarini. Leo 11.4.

Jumatano, 12 Machi

8.1! Bibi kapiga kigelegele — kwa tone la damu! Jirani yetu, fundi cherehani, alikuja mbio na futi shingoni akidhani imeletwa posa.

Bibi anasema ni mlonge. Sina hakika. Soda pia ameacha, na jioni tunatembea mpaka duka la vitabu. Huenda ni matembezi. Nayapenda sana. Mimi nisiyefungua mdomo darasani, kwa Bibi naongea njia nzima.

Jumapili, 16 Machi

Asubuhi Bibi alikuwa anatetemeka. Jasho mpaka nguo imelowa, na ananiita kwa jina la Mama. Nikampima: 3.2. Chai, sukari vijiko vitatu, haraka! Robo saa baadaye 4.9, na utani umerudi. "Mwaka mzima mnaninyima sukari, leo unaninywesha kwa nguvu." Tukacheka. Mimi nilicheka huku nalia.

Kisha nikaona kijiko ndani ya kopo la mlonge. Si cha chai. Cha kupakulia wali! Siku nne sasa, amekiri Bibi. "Kama kidogo kinafaa, kingi je?"

Mama ana zamu kesho, kwa hiyo nitampeleka kliniki mimi. Bibi kaninong'oneza nisimwambie daktari habari za mlonge, atamwona mshamba. Niahidi, akasema. Nikajifanya naosha vikombe.

Jumatatu, 17 Machi

Naandika kwenye karatasi, benchini, koridoni; daftari nimeliacha ndani. Nimekimbia — basi, niseme ukweli.

Daktari alimuuliza Bibi kama anatumia dawa nyingine yoyote. "Hakuna, mwanangu." Bila hata kupepesa! Daktari akasema basi huenda vidonge ni vikali mno, atavipunguza. Akashika kalamu. Nilitaka kusema. Ulimi ukagoma kabisa. Nikalifungua daftari ukurasa wa jana, nikaliweka mbele yake, juu ya karatasi aliyokuwa anataka kuandikia.

Bibi akaliona. "Lo! Kumbe nimelea mpelelezi."

Daktari hakucheka. Nami nikatoka kama mwizi.

Sasa nasikia sauti ya Bibi kupitia mlango. Nilidhani anagomba. Hapana, anafundisha! "Kivulini, daktari, siyo juani, jua linaua rangi." Na daktari anauliza, kwa adabu kabisa, majani yakauke siku ngapi. Bibi anajibu kwa madaha. Haoni aibu hata chembe. Moyo wangu umetulia kidogo.

Mlango umefunguka. Bibi ananipungia mkono. "Wewe, njoo. Huu mwandiko wako daktari hauelewi. Umsomee mwenyewe, kuanzia siku ya kwanza, na usinifiche."

Nimechungulia. Wameongezeka manesi wawili. Wote wananitazama. Nimesimama. Naweka kalamu, naingia kusoma kwa sauti.