Husna na kitabu cha kamera

Mwanaima, unakumbuka jirani alivyomuuliza Husna, "Harusi zetu wanawake tutapigwa picha na wanaume mpaka lini?" Ndipo Husna akanunua kamera ya dijitali.

Leo kwenye duka la vitabu la Kona ya Musa, akachagua kitabu kidogo cha kujifunzia kupiga picha, kinachoingia mkobani. Mama wa bibi harusi, aliyempa kazi ya kupiga picha za harusi Jumamosi, yuko naye.

Muuzaji kaiona kamera begani mwake, kacheka mpaka machozi! "Mama, hiki ni cha kamera za zamani za mkanda. Yako mkanda utauingizia wapi?"

Wallahi, cha mkanda!

Husna akajibu, "Kwani kamera si kamera?"

Astaghfirullah. Watu wote wakaangua kicheko.

"Kumbe ulitaka kujifunzia kwenye harusi ya mwanangu?" akauliza yule mama.

Husna akamshika mkono. "Dada, Jumamosi nitakuwa nimeshajua."

Yule mama akautoa mkono wake, akajitanda buibui, akatoka dukani.