Baka la Shavuni

Mwanangu,

Sisi wazima. Mama yako ameshona mapazia mapya ya studio, na nikiyasifu anasema nampaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Daktari amekwambia alama nyeusi iliyoinuka hukatwa, ila baka jekundu la kuzaliwa kama lako hufifishwa polepole kwa leza. Kwanza anataka picha zako za utotoni, ajue kama limekua. Nawe umefungua albamu nzima, hulioni popote.

Ni mimi. Katika kila picha yako nililifuta kwa brashi ya rangi kabla hujaiona, nikijidanganya kuwa nakukinga na maneno ya watu. Ulipokuwa na miaka sita uliishika moja ukauliza, "Baba, huyu nani?" Nikacheka.

Ukitaka kuliondoa, liondoe, lakini usifanye hivyo ili ufanane na picha zangu. Mwambie daktari ulipozaliwa lilianzia chini ya jicho, likapita shavuni, likaishia kwenye ndewe ya sikio. Naujua mpaka wake wote. Niliufuata kwa brashi miaka kumi na minane.

Baba yako, mpiga picha